Sura ya Sita: Kostimu ya Kukodi na Wanaume Wanaosimama Pamoja

Kijana wa Bunia humwoa mke yule yule mara tatu. Kwanza ni mbele ya familia, mahari yanapotolewa na wazee wa pande mbili wanapopeana mikono. Kisha ni mbele ya serikali, kwenye ofisi ya komini, iwe Mbunya, Nyakasanza au Shari, ambako ofisa huwasomea wachumba wajibu wao na kuandika majina yao daftarini. Mwisho ni mbele ya Mungu, kanisani au msikitini, na jioni yake sherehe hufuata ukumbini. Mara zote tatu macho ya watu huwa juu ya bwana arusi, na kamati ya ndoa hukaa vikao kwa vikao ikijiuliza: atavaa nini? Na wapambe wake wanne, watano au sita, nao watavaa nini?

Swali hilo linaonekana dogo likiwekwa kando ya mahari, chakula na ukumbi. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ndoa anajua jinsi linavyochelewesha mambo. Wako vijana walioahirisha harusi kwa sababu ya nguo. Wako waliokopa, wakaanza maisha ya ndoa na deni la koti. Na wako waliomwondoa rafiki wa kweli kwenye orodha ya wapambe kwa kuwa walijua hataweza kununua kostimu, naye akaja siku hiyo akakaa viti vya nyuma, akipiga makofi pamoja na wageni.

Sura hii imeandikwa kwa ajili ya rafiki huyo. Kwa vijana wengi wa Ituri, kukodi kostimu ndiyo njia yenye busara kuliko zote, na faida yake haiishii kwenye pesa inayobaki mfukoni. Kukodi kunampa bwana arusi uhuru wa kuchagua watu wa kusimama naye kwa urafiki wao na mambo waliyopitia pamoja, bila kwanza kupima nani ana uwezo wa kununua nguo.

Sheria inadai nini

Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, ina masharti ambayo ndoa haiwezi kuyaruka. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Kila mmoja akubali kwa hiari yake. Pawe na mahari, yaliyotolewa walau sehemu, au yawe ya ishara tu kama familia zimekubaliana hivyo. Tena wachumba wachague namna watakavyomiliki mali: kila mtu na mali yake, au kushirikiana katika vile watakavyovipata wakiwa ndani ya ndoa, au kuchanganya vyote. Wasipochagua, sheria inawaweka kwenye namna ya pili.

Hakuna ibara inayotaja koti, kravati wala viatu. Hata hivyo wachumba wengi hufika mbele ya ofisa wakiwa wameijadili rangi ya kravati kwa wiki kadhaa, na suala la mali hawajaligusa hata kwa jioni moja. Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana kravati hurudi dukani Jumatatu, ilhali uamuzi wa mali humfuata mjane hadi mahakamani. Jambo la nguo likipata njia nyepesi, nafasi inapatikana ya kuzungumza yale yatakayodumu.

Mila nayo ina madai yake, na madai hayo yamekuwa mazito. Kwa Wahema na Waalur mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi, hata pale pesa taslimu inapotolewa badala yake. Tangu mapigano yaliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017 na kusambaa hadi Irumu, familia nyingi zimepoteza mifugo na mashamba. Wengi wanaishi Bunia kwa ndugu zao, au kambini. Kijana wa Djugu ambaye baba yake angemtolea ng'ombe wa mahari leo anayatafuta mahari hayo mwenyewe, dola kwa dola, kwa kuendesha pikipiki au kuuza bidhaa sokoni. Kumwambia kijana huyo kwamba lazima pia anunue kostimu mpya, na wenzake watano wanunue kama yake, ni kumfungia mlango wa ndoa.

Kostimu ilikotoka

Kostimu ililetwa Ituri na ukoloni. Waliotangulia kuivaa ni makarani wa migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, walimu wa shule za misheni na watumishi wa serikali. Chini ya Wabelgiji, mavazi yalikuwa sehemu ya mtihani wa mtu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza ngazi ya juu zaidi, kwa Waafrika waliotaka kuhesabiwa kuwa wamestaarabika. Wakaguzi waliingia hadi ndani ya nyumba kuangalia familia inavyokula, inavyolala na inavyovaa. Karani aliyeoa siku hizo kwa kostimu alikuwa anaapa mbele ya mkewe, na wakati huohuo anajieleza mbele ya mkoloni.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1971 Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na mwaka uliofuata, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, kostimu na kravati vikapigwa marufuku. Nafasi yake ikachukuliwa na abakosti, koti lenye sura ya lile la Mao, lisilo na nafasi ya kravati. Wakubwa wa utawala waliagiza abakosti za Arzoni, zilizoshonwa Zellik, Ubelgiji. Watu wa kawaida walishonewa na mafundi wa mtaani. Wanaume wengi waliooa katika miaka hiyo walioa kwa abakosti, na hakuna anayesema leo kwamba ndoa zao zina upungufu kwa kukosa kravati. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ya N'Sele iliyoruhusu vyama vingi, Mobutu aliruhusu pia kostimu na kravati zirudi.

Wakati huo wapenzi wa La Sape, vijana wa Kinshasa na Brazzaville waliomfuata Papa Wemba, walikuwa wamekwisha kulifanya vazi la Paris na Milano kuwa jambo la fahari mitaani. Wengi wao hawakuwa matajiri. Waliazimana na kukodishana: koti la huyu Jumamosi, viatu vya yule Jumapili. Aliyevaa vizuri alisifiwa kwa namna anavyolichukua vazi, anavyotembea nalo na anavyopatanisha rangi, na risiti ya duka haikuulizwa.

Kwa hiyo ndani ya umri wa mzee mmoja aliye hai, kostimu imekuwa alama ya kupendwa na mkoloni, ikawa kosa mbele ya dola, ikawa tena vazi la heshima. Jambo linalobadilika hivi halistahili kupewa mamlaka ya kuamua nani aoe mwaka huu na nani asubiri.

Wenzetu hukodi

Huko London, duka la Moss Bros lilianza mwaka 1851 kama biashara ya nguo za mitumba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1897 mtu aitwaye Charles Pond, dalali wa hisa aliyefilisika na ambaye alialikwa kwenye nyumba za matajiri kutumbuiza, alimwomba rafiki yake Alfred Moss amwazime kostimu ya jioni. Akarudi tena na tena, hadi siku moja Moss akamwambia alipe kidogo: shilingi 7 na peni 6. Biashara ya kukodisha nguo za sherehe ikaanzia hapo, na baadaye hata watu wa tabaka la juu wakaja kukodi koti la siku moja. Mteja wa kwanza alikuwa mtu aliyeanguka kiuchumi na bado alitaka kusimama mbele za watu kwa heshima. Vijana wa Ituri wanamwelewa.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya Ziwa Albert, Muganda anayekwenda kwanjula kujitambulisha kwa wakwe huvaa kanzu na koti juu yake, na maduka ya Kampala hukodisha kanzu hizo kwa msafara mzima. Zanzibar, bwana harusi anapovaa joho na kilemba na kuchomeka jambia kiunoni, mara nyingi joho hilo ameliazima kwa ndugu au amelikodi, kwa sababu hakuna siku nyingine maishani atakayolihitaji. Watu wa pwani ni wajuzi wa heshima ya harusi, na hawaoni aibu yoyote hapo.

Bunia kwenyewe mfano upo wazi. Gauni jeupe la bibi arusi limekodiwa tangu zamani, na hakuna shangazi anayemsimanga bi harusi kwa hilo. Mwanafunzi anapomaliza chuo, joho la kuhitimu hulivaa asubuhi na kulirudisha jioni. Ikiwa mwanamke na msomi wanakodi bila kuinamisha kichwa, bwana arusi na wapambe wake wana haki hiyohiyo.

Hesabu ya mstari mzima

Wanaokataa kukodi huwa wanahesabu kostimu moja. Husema: ongeza pesa kidogo tu, nguo itakuwa yako. Kwa mtu mmoja wanaweza kuwa sawa. Mwalimu, mchungaji au mwanasheria, ambaye kazi yake inamtaka avae koti kila wiki, anafanya vema kununua kostimu yake ya harusi, na fundi mzuri akimshonea itamfaa miaka.

Lakini harusi ni mstari wa watu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kostimu ya kununua ni dola 100 na ya kukodi ni dola 25. Kwa wanaume sita, kununua ni dola 600, kukodi ni dola 150. Tofauti ni dola 450. Kwa nyumba ya kodi ya dola 50 kwa mwezi, hizo ni miezi tisa. Mwenye nyumba wa mjini hudai garanti ya miezi kadhaa kabla ya kukabidhi ufunguo, na pesa hiyo ndiyo inayowakwamisha maharusi wengi, wakabaki kwa wazazi wakiwa na picha nzuri na bila chumba. Weka bei za duka lako katika hesabu hii, utaona mwenyewe.

Swali la nani alipe lijibiwe mapema na kwa uwazi. Katika ndoa nyingi za hapa, kamati hukusanya michango, na mpambe hutegemewa kujivika. Huo ndio mlango anaotokea rafiki maskini. Kamati iliyo makini huweka kodi ya nguo za wapambe kwenye bajeti ya ndoa tangu kikao cha kwanza, ikawa mzigo wa wote. Kiasi hicho ni kidogo kuliko soda za ukumbini, na kinamwokoa mtu na fedheha.

Dukani

Ingia katika duka linalokodisha katikati ya mji, karibu na barabara kubwa ya Libération. Kostimu zimening'inizwa ndani ya mifuko ya nailoni ili vumbi jekundu lisizikamate, maana kuanzia Desemba hadi Februari, msimu wa kiangazi ambao pia una harusi nyingi, vumbi la Bunia hupenya kila mahali. Bidhaa hizi zimesafiri. Nyingine zimepitia Kampala, zikavuka Mahagi au ziwa hadi Kasenyi. Nyingine zimeletwa na wafanyabiashara wa Butembo wanaonunua Dubai na China.

Kwa sababu zinatoka pande nyingi, vipimo vyake havifanani, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kostimu yenye alama ya 50 ni ya kipimo cha Ulaya: ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita, yaani kifua cha sentimita 100. Yenye alama ya 40 ni ya kipimo cha Uingereza na Marekani: ni mzunguko wa kifua kwa inchi. Hizo mbili ni karibu sawa. Ukiwa na namba ya Kiingereza, ongeza 10 upate ya Ulaya. Ukiwa na ya Ulaya, toa 10. Kamati ikiandika vipimo vya wapambe, iandike sentimita za kifua, kiuno, urefu wa mkono na urefu wa mguu, isiandike namba ya lebo peke yake.

Kisha avae. Anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi, koti linaning'inia. Ukipungua, linavuta mgongoni.

"Papa, hapa ku mabega inanibana," kijana anasema.

"Basi toa, tutatafuta ingine. Mukono tunaweza kupunguza. Bega, hapana."

Fundi wa duka anasema kweli. Mkono wa koti hufupishwa kwa jioni moja, kiuno cha suruali huachiliwa sentimita mbili au tatu pale nyuma ambako kitambaa cha akiba kimeachwa, lakini bega likikataa, koti zima limekataa. Mkono wa koti ufike kwenye mfupa wa kifundo, ili shati lionekane kiasi cha sentimita moja. Suruali iguse viatu bila kujikunja. Akae, ainuke, ainue mikono juu, maana harusini atacheza. Kifungo cha chini cha koti hakifungwi kamwe. Cha juu hufungwa akisimama na kufunguliwa akikaa.

Sasa ligeuze koti nje ndani. Angalia bitana kwenye makwapa: kama kumebadilika rangi au kunatoa harufu, jasho la watu waliotangulia halikusafishwa, na joto la mwili litaamsha harufu hiyo katikati ya ibada. Pitisha kidole kwenye ukosi kwa ndani, ambako mafuta ya shingo hukaa. Kagua vifungo kimoja kimoja, na uvute zipu ya suruali mara tatu. Tazama viwiko na makalio ya suruali dhidi ya mwanga: mng'ao ni alama ya pasi kali iliyopitishwa juu ya kitambaa cha sintetiki, na kamera itauona kuliko macho.

Usafi una upande wa afya pia. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya ngozi ya mtu, na maji ya moto huwaua. Duka linaloacha siku tatu kati ya mteja na mteja, na linalofua mashati kwa maji ya moto, linastahili pesa yako. Uliza bila woga. Na kila mpambe avae fulana safi ndani, kwa faida yake na ya atakayevaa baada yake.

Jambo la mwisho la dukani: kodini zote mahali pamoja, kisha zitoeni nje, zitazamwe kwenye jua la mchana. Nyeusi mbili zilizo sawa chini ya taa ya duka hutofautiana nje, moja ikaelekea kijani, nyingine wekundu, kwa sababu vitambaa ni vya mitambo tofauti na vimefuliwa mara tofauti. Bluu iliyoiva husamehe zaidi kuliko nyeusi. Nyeupe na krimu ziepukeni wakati wa kiangazi, hasa kama msafara utapita barabara za udongo.

Makubaliano

Magomvi mengi ya kukodi hutokana na maneno matupu ya mdomoni. Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, idadi ya vipande (koti, suruali, kizibao, shati, kravati), hali yake, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, kodi iliyolipwa, dhamana iliyowekwa, na fidia kama kitu kitachanika au kupotea. Picha zipigwe kwa simu mbele ya mwenye duka, hasa pale penye doa au mshono uliorudiwa.

Kuhusu dhamana, kuna mambo mawili ambayo mtu wa Bunia anapaswa kuyashika. Maduka mengine hutaka kubaki na kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Usiiache. Bwana arusi anaihitajia mbele ya ofisa wa komini, na mpambe anaihitajia barabarani kwenye vizuizi. Acha pesa badala yake. Na pesa hiyo ikiwa ya dola, kagueni noti pamoja na kuipiga picha ionyeshe namba zake. Kwetu noti iliyochanika pembeni kidogo tu, au ya toleo la zamani, hukataliwa sokoni. Ni haki yako kurudishiwa noti nzima kama uliyoitoa. Anayelipa kwa M-Pesa au Airtel Money ana ushahidi tayari ndani ya simu.

Chukueni nguo siku mbili kabla, msingoje asubuhi ya harusi. Barabara ya Mahagi au ya Komanda ikifungwa kwa sababu ya usalama, kostimu iliyoahidiwa kutoka mbali haitafika, na siku mbili zinatosha kutafuta nyingine mjini. Mteueni mtu mmoja asiye mpambe kuzikusanya zote usiku wa sherehe, akiwa na ile karatasi mkononi. Kosa la kawaida ni kila mtu kuondoka na yake, halafu mmoja akasafiri nayo hadi Aru.

Nao wenye maduka wana wajibu. Anayekodisha anaaminiwa na familia kwa siku isiyorudiwa. Kostimu moja ikikodishwa kwa watu wawili Jumamosi moja, aliyenyimwa hafidiwi kwa kurudishiwa pesa yake. Kuna biashara ambazo kuchelewa kwake kunavumilika, hii haimo. Kijana anayetaka kuianza Bunia anahitaji daftari la tarehe lililo sahihi kabla ya kuhitaji kostimu nyingi.

Wanaosema hapana

Wako wazee wanaoamini kwamba nguo iliyovaliwa na mwingine siku ya ndoa hubeba mkosi. Nawaheshimu, na siwabishii kwa kejeli. Nawaomba wakumbuke jinsi familia zao zilivyoazimana koti jema la ukoo, lililomvika kaka mkubwa, kisha mdogo wake, kisha binamu, na watoto wakazaliwa wakawa wazima. Kukodi ni kuazimana kulikopewa bei na karatasi.

Wako pia vijana wanaoogopa kutambuliwa, kwamba mtu ukumbini atasema: kostimu ile niliiona harusini mwezi uliopita. Kwao jibu ni moja. Harusi inayotegemea siri juu ya koti imeanza na uongo mdogo, na uongo mdogo ndani ya nyumba huzaa ndugu zake. Mwambie mchumba wako, mwambie parrain (msimamizi) wako, waambie wazazi: tumekodi, na pesa iliyobaki imelipa garanti ya nyumba. Sijui mkwe mwenye akili atakayechukia maneno hayo.

Kama kamati haitaki kukodi kabisa, njia nyingine ipo: fundi wa mtaani awashonee wapambe mashati ya kitenge cha aina moja na suruali nyeusi walizonazo. Nguo inabaki yao, fundi wa hapa anapata kazi, na mstari unapendeza. Kinachotakiwa ni kwamba yeyote aliyechaguliwa aweze kusimama.

Majina kwanza

Bunia ni mji ambao jina la kabila limewahi kuamua nani apite kizuizi na nani asipite. Vita vilivyoanza mwaka 1999 viligawa mitaa. Mei 2003 mji wenyewe ulipiganiwa nyumba kwa nyumba, hadi kikosi cha Ulaya cha Artemis kilipoingia mwezi Juni. Walioachwa hai walirudi, wakajenga, watoto wao wakasoma darasa moja, wakaimba kwaya moja. Watoto hao sasa ndio wanaooa. Orodha za wapambe wao hukutanisha majina ya Kihema, Kibale, Kibira, Kialur na Kinande, na ni jambo kubwa kuliko linavyotajwa.

Umaskini hautakiwi kulifuta jambo hilo. Aliyepoteza ng'ombe Djugu, aliyeanza upya akiwa na begi moja, huyo huenda ndiye aliyelala hospitalini kando ya kitanda cha bwana arusi, au aliyemgawia karo ya mwaka wa mwisho. Nguo ikinunuliwa, yeye ndiye wa kwanza kukosekana. Nguo ikikodiwa kwa mfuko wa kamati, anasimama kwenye mstari kwa kitambaa kilekile na rangi ileile na mtoto wa mfanyabiashara, na hakuna mgeni anayeweza kuwatofautisha kwa uwezo wao.

Kwa hiyo kamati ifuate utaratibu huu. Siku ya kwanza, bwana arusi aandike majina ya wanaume anaotaka wasimame naye, bila kuulizwa chochote juu ya mifuko yao. Siku ya pili, vipimo vichukuliwe kwa sentimita. Siku ya tatu, watu wawili waende dukani na orodha, wakague bitana, wasaini karatasi, walipe. Majina yakitangulia bei, harusi itakuwa na watu wake. Bei ikitangulia, harusi itakuwa na nguo, na wenye haki ya kusimama watakuwa wameketi nyuma.